Namdai Marehemu Nafasi ya Mwanangu

Shoga yangu Zuhura,

Naandika kwa mkono wangu, huu wa darasa la nne, kwa hiyo vumilia. Mwanangu Resti angeniandikia vizuri, ila hatakiwi kujua ninachokuuliza.

Nakuuliza hivi: ulinidanganya?

Usinune. Unanijua, mimi mtu akiniamkia mara mbili najiuliza anataka nini. Ulikuwa unanicheka. Lakini safari hii nina sababu.

Unakumbuka jina la Resti lilipotoka. Mwaka aliomaliza kidato cha sita aliugua, wenzake wakaenda jeshini yeye akabaki kitandani, alipopona ukamwajiri kwenye mashine yako ya kukoboa mpunga. Mwaka ukapita na zaidi, nikajua yameisha. Kumbe serikali haisahau. Akaitwa kambi ya Chita. Nikaja kwako nalia. Sikulilia jeshi, Chita ni hapo tu. Nililia kazi. Nikasema Zuhura, huyu akirudi atakuta mtu mwingine.

Ukachukua bambo lake, kile chuma chenye mfereji anachochomea magunia kuvuta punje azikague, ukalitundika kwenye msumari juu ya mizani. Ukasema, "Aende salama. Hili haliguswi mpaka arudi."

Sikukuomba karatasi. Mtu anamwombaje karatasi mwenzake aliyemshika mkono akijifungua? Resti huyo huyo alizaliwa umenishika hivyo, kule Mkula, wakati tunauza ndizi na mihogo kwa abiria wa mabasi, hatuna hata turubai. Nilikuuma kidole. Kovu uliondoka nalo.

Ukafa Resti yuko kambini. Asubuhi ulikuwa unawagombeza wapakiaji, adhuhuri nikaambiwa presha. Hukuniaga. Mpaka leo nikipita barabara ya mashine nasikia sauti yako, naangalia chini.

Siku ya maziko sisi wanawake tulikuwa uani, maneno ya wanaume tukayasikia kwa spika. Kaka yako Hamisi akasema, kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze kwa familia, na mwenye kusamehe asamehe. Nikanyamaza. Nikajua deni ni hela, na hela hatukuwahi kudaiana. Hilo ndilo kosa langu, shoga. Nilikuwa nakudai, na sikujua kama nakudai.

Resti akarudi amekuwa mweusi, amekonda, anatandika kitanda mpaka shuka linalia. Jumatatu akavaa vizuri akaenda mashineni. Maji ya chai hayajachemka, huyu hapa amerudi. Mwanao Salumu amemwambia, "Pole na jeshi, dada. Nafasi imejaa." Bambo lake analo shemeji yake Salumu, mdogo wa mkewe. Nilikwenda kuchungulia. Anachoma magunia juu juu kama anageuza chapati! Wewe uliyemfundisha Resti kwamba gunia halisemi kweli mdomoni, lichome tumboni.

Resti hakulia. Akasema kambini walielezwa kwamba sheria ipo, mtu akiitwa jeshini mwajiri asimwondoe, akirudi apewe kazi yake. Mimi hayo maneno "sheria ipo" nayaogopa. Sheria ya mipaka ya mashamba ipo, na ng'ombe wanaingia kwenye mpunga wetu kila mwaka. Lakini nikaenda kwa Salumu, nikamwamkia mimi niliyembeba mgongoni, nikamwambia. Akatabasamu. "Mama Resti, hiyo sheria ni ya watu wa maofisini. Sisi hapa ni familia."

Familia! Halafu wakati natoka akanipa mchele, mfuko mzima. Wa nini? Nilipofika nyumbani nikaumwaga kwenye ungo nikauchambua mara mbili, natafuta mawe. Hakuna hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu hakupi mchele msafi hivyo kama hana cha kuficha.

Tukaenda ofisi ya mambo ya kazi, mimi na Resti. Yule baba pale hakuwa mbaya. Akasema ndiyo, mama, sheria ipo, lakini binti ana mkataba? Ana karatasi yoyote? Kuna mtu wa kusema alikuwa mwajiriwa? Karatasi hatukuwa nayo. Wapakiaji niliowauliza wote walikuwa wameanza kuwa na haraka. Mmoja akaniambia, "Mama Resti, mimi sikumbuki vizuri." Hakumbuki! Resti aliyempa panadol kila kichwa kinapomuuma.

Basi ndipo nikaanza kukufikiria vibaya wewe. Usiku na mchana. Kwa nini hukumwandikia mtoto hata kipande? Au ulitundika lile bambo ili ninyamaze, huku moyoni unajua nafasi ni ya mdogo wa mkweo? Nisamehe. Mtu akifa anaulizwa mengi kwa sababu hajibu.

Arobaini yako ilipofika nilikuja mapema nikakaa kulekule uani, namenya vitunguu. Kisomo kikaisha. Hamisi akasimama akasema kwa mara ya mwisho, anayemdai marehemu aseme leo. Shoga, miguu yangu ilinyanyuka yenyewe. Nikapita katikati ya sufuria, nikatokea upande wa wanaume, naburuza kanga.

"Mimi namdai."

Kuna mtu nyuma akasema, "Haya, Mpogoro kaja na daftari la madeni," wakacheka. Nikawaacha wamalize. Nikasema sidai hela. Zuhura aliniahidi nafasi ya kazi ya mwanangu mpaka atoke jeshini. Ametoka. Naidai.

Salumu akaruka juu. "Mama Resti, usituaibishe kwenye kisomo cha mama! Hakuna ahadi hapa. Resti alikuwa mfanyakazi wetu kama wengine, kafanya kazi kwetu zaidi ya mwaka, akaitwa jeshini akaenda, basi. Hilo nalo deni?"

Naapa sikupanga. Nilikuja kuchoma mdomoni, chuma kikaingia tumboni chenyewe, punje zikatoka mbele ya watu wote. Resti alikuwa amesimama getini. Nikamwona anavuta pumzi.

Shehe akauliza polepole, "Umesema alikuwa mfanyakazi wenu?" Salumu akasema ndiyo. "Na hakuacha kazi, aliitwa?" Salumu akaanza kutafuta kofia yake, nayo iko kichwani.

Hamisi akanigeukia. "Mama Resti, mbele ya watu hawa, unamsamehe marehemu?"

Kila mtu alijua nitakachosema, maana ndicho husemwa siku zote. Nikasema, "Bado."

Wanawake uani wakashika midomo.

Hamisi ameniambia yuko tayari kwenda na Resti kule ofisini, aseme alichosikia kwa masikio yake. Na mimi namwangalia Hamisi, huyu naye anatafuta nini? Lakini ana macho yako, nimeshindwa kumdhania. Leo asubuhi Salumu ametuma mtu wa bodaboda: Resti aje kesho. Hakusema aje kufanya nini. Anaweza kumpa ufagio. Anaweza kumpa karatasi ya kusaini. Nimemwambia Resti asisaini kitu hata kama ni kadi ya harusi.

Kwa hiyo kesho nakwenda naye. Sitasema neno. Nitaangalia mkono wa Resti tu. Akikabidhiwa bambo lake, nitasimama palepale kwenye pumba niseme kwa sauti nimekusamehe, sikudai, na Salumu asikie. Akipewa kingine, tunamchukua Hamisi tunakwenda ofisini, na hiyo sheria nitaiona sura yake mwenyewe.

Sasa hili ndilo linaloniuma, ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Kwenu mnasema roho ya mwenye deni inaning'inia mpaka lilipwe. Neno langu moja ndilo limekutundika huko, mimi uliyenishika mkono. Nilitaka nilifute usiku uleule. Lakini shoga, nikikushusha wewe leo, mwanangu kesho wanamtupa, na wewe mwenyewe ungenigombeza.

Nimefikiri sana, na sidhani ulinidanganya. Mtu anayedanganya hapandi juu ya kigoda na presha yake kwenda kutundika chuma.

Ning'inia kidogo tu, Zuhura. Nitakuja kukushusha kwa mkono wangu, nakuahidi.

Mimi shoga yako,
Mama Resti