Sungura wa Bibi Vukosava

Mama Tijana,

Leo mjinga nilikuwa mimi, usihangaike kutafuta mwingine. Pilipili hoho nilizochoma ziko kwenye sufuria, zimenye zingali na moto. Mbwa wa Stojan anachomwa sindano saa kumi, mwachie Tijana kazi hiyo. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi Jumapili. Nimekwenda mjini Niš kwenye mafunzo ya madaktari wa wanyama, na safari hii nitakaa kitini.

Yale ya mtandaoni ya mwezi uliopita niliiacha kompyuta ihubirie ukuta, mwenyewe niko uani nachoma pilipili. Ulinikanya, najua. Cheti kikaja vilevile. Kitoe pale kliniki. Kumbe walifundisha kwamba sungura haachwi na njaa kabla ya dawa ya usingizi. Si mbwa huyo. Tumbo lake likiacha kusaga chakula, naye amekwisha. Mimi nikamwambia Bibi Vukosava amnyime sungura wake chakula usiku kucha, nimpunguze meno asubuhi. Amefia mikononi mwangu.

Nikamwambia, “Bibi, hata mimi nimeumia.”

Akamfunika sungura wake kwa kitambaa cha kichwani. “Wewe, daktari, kesho utaletewa mwingine.”

Baba Tijana