Mrashi Anaitwa

Mahajanga, Jumatatu, Mfungo Nane, mwaka 1195

Kwa kaka yangu niliyenyonya naye ziwa moja, Mchangama bin Daudi, aliyeko Andoany, Nosi Be.

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi yangu Mariyama na watoto wote, pamoja na yule mchanga ambaye bado sijambeba. Vipi hali zenu? Lile jicho lako la kushoto limeacha kutoa machozi? Sisi huku, kwa miili yetu, tu wazima, na mvua zimekwisha. Nakuomba barua hii uisome peke yako, kisha uamue mwenyewe kama utamsomea wifi.

Nianze na safari. Mpaka jana tumekuwa watu thelathini na wanane, bila kuwahesabu nyinyi wa Nosi Be. Wakubwa wa Malkia kule Marovoay wameturuhusu kuondoka, baada ya kupelekewa ng'ombe wawili na maneno mengi matamu. Mchele umetiwa makandani, nyama imekaushwa, nta na asali vimefungwa kwa ajili ya ndugu za Mama kule Domoni, Nzuwani, na shangazi zetu wameshagombana mara tatu juu ya nani akae karibu na nani chomboni. Ungekuwapo ungecheka.

Unakumbuka jinsi marehemu baba alivyokuwa akimwambia Mama kila mwaka kwamba atampeleka Nzuwani akawaone watu wake. Kila mwaka Mama alipata sababu: mimba, mtoto anyonyaye, goti. Baba amekufa bila kuiona nyumba aliyotoka mkewe. Kwa hiyo ilipofika ile barua ya mama mdogo Oumi, kwamba amebaki peke yake katika nyumba ya baba yao na anataka kumwona dada yake Halimati kabla hajafa, nilimsomea Mama huku nikingoja sababu ya mara hii. Alikiinamisha kichwa upande kama anayesikiliza kitu nyuma yangu. Kisha akasema twende sote, asibaki hata mmoja. Nilifurahi, kaka. Sikujiuliza lolote.

Siku moja aliwakalisha wajukuu awafundishe watakavyoingia nyumba ya Domoni. Akawaambia wapite uchochoro wa nyuma, wainame kwenye mlango mfupi wa jikoni, wavue viatu kando ya mtungi, wangoje hapo mpaka waitwe. Binti yangu akauliza mlango mkubwa uko wapi. Mama akamwangalia kama aliyeulizwa habari za mji mwingine, kisha akasema mlango mkubwa ni wa wageni. Shangazi zetu wakacheka, wakasema ni kweli, mwenye nyumba haingii kwa mlango wa wageni. Nami nilicheka.

Wa kwanza kusikia, au niseme wa kwanza kutamka kwamba amesikia, alikuwa Soavelo, yule Msakalava anayetufumia nguo za rafia. Ilikuwa mchana mweupe, maji ya mto yameanza kujaa. Aliacha kazi yake uani akaja kuniuliza Mrashi ni nani, maana anaitwa tangu asubuhi na hataki kuitika, na hiyo si adabu. Nikamwambia nyumba hii haina mtu wa jina hilo. Soavelo akanitazama, akakunja uzi wake, akaenda kwao. Mpaka leo hajarudi, wala hajatuma mtu kuchukua ujira wake.

Kesho yake nilisikia mwenyewe. Nilikuwa nje ya chumba cha masanduku. Mle ndani msichana aliita, “Mrashi!” Haikuwa sauti ya hasira wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa, anayetaka aletewe maji au achanwe nywele, ila mwisho wa neno ulikuwa mzito, kama kinywa kina kitu. Niliingia, nikakuta masanduku tu. Harufu ya tope ilikuwa imejaa chumba kizima. Nikafungua sanduku la Mama. Nguo za juu zilikuwa kavu, na bado zilinukia udi. Za chini zilikuwa zimelowa chapa, zimeganda tope jekundu la mlango wa mto, nami ndiye niliyezipanga siku mbili kabla.

Nilizifua bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nikazifua tena.

Tulimwita mwalimu asome Yasini. Alisoma vizuri, na sote tuliinamisha vichwa. Katikati ya kisomo sauti ikaita, naye akasema kwa upole kwamba kama kuna mtumishi anayeitwa Mrashi basi aende akaitike, yeye atangoja. Shangazi akamwambia hatuna mtu huyo. Mwalimu akaufunga msahafu wake, akasema atarudi Ijumaa kumalizia. Ijumaa mbili zimepita.

Na Mama? Kila mara ilipoita, mikono yake ilisimama. Kama alikuwa anakunja nguo, nguo ilibaki hewani. Nilipomwuliza kama amesikia, alisema masikio yake yamezeeka.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa peke yetu chumbani, mimi na Mama. Iliita mara moja, ikaita mara ya pili. Ya tatu iliita karibu sana, hapo mlangoni. Mama, ambaye kwa lile goti hainuki bila kushikwa mkono, alisimama wima upesi kama msichana, akakutanisha viganja mbele yake na kusema, “Labeka, bibi.”

Nyumba ikawa kimya. Hata kuku uani walinyamaza. Mama akaniambia nifunge mlango, nikafunga, na aliyonieleza nayaandika kama alivyoyasema.

Jina lake si Halimati. Halimati binti Youssoufa alikuwa bibi yake, aliyelingana naye umri, aliyeletwa kutoka Domoni ili aolewe na baba yetu. Mama alikuwa mtumwa wake wa kumchana nywele na kumfuata, na jina lake ni Mrashi. Walisafiri nyuma ya pazia la mkeka, wala hakuna baharia aliyeziona nyuso zao. Halimati alishikwa na homa, mikono ikamvimba, akavua bangili zake za fedha na kumvisha Mrashi amtunzie. Walipokaribia Boanamary, hapo kwenye mlango wa mto wetu, chombo kilipanda fungu kikapinduka, na mzee wao aliyewasindikiza akazama pale pale.

Mama alitupwa kwenye mikoko, akashika mzizi. Akasikia anaitwa. Bibi yake alikuwa amekwama kwenye tope, si mbali, kiasi cha kutoka mlangoni kwetu hadi kisimani. Mara ya kwanza hakuitika kwa kuwa alikuwa na maji kinywani. Mara ya pili alikuwa ameshapata pumzi. Aliniambia hivyo, kaka, bila kushusha macho: “Nilikuwa nimeshapata pumzi.” Akaitwa mpaka maji yalipojaa. Ndipo watu wa Boanamary wakaja na mitumbwi, wakaziona bangili, wakamwuliza kama yeye ndiye bibi harusi. Akasema ndiye.

Nilimwuliza ingekuwaje kama angeitika. Akasema wangekufa wawili, au wangepona wawili na sisi tusingezaliwa.

Kumbe siku niliyomsomea barua ya mama mdogo Oumi ndiyo siku aliyoisikia sauti ile tena, baada ya miaka arobaini na miwili. Alikubali safari akidhani akikubali atanyamaziwa. Nikamsihi tuivunje, tuseme ni mgonjwa, tuseme lolote. Alikataa. Anasema atakwenda Domoni, ataingia jikoni, na atamwambia Oumi dada yake alipotelea wapi na kwa sababu ya nani.

Fikiri, kaka, maana yake ni nini. Mtumwa wa nyumba ile hajaachwa huru na mtu yeyote, na mrithi wa nyumba ile ni Oumi. Je, sisi ni nani? Watoto wako ni nani, na binti yangu anayeposwa? Nimesikia kwamba mtoto wa baba aliyedanganywa ni huru, lakini sina hakika. Kadhi sijamwuliza, kwa sababu kumwuliza ni kumwambia. Thelathini na wanane tunakwenda kwa furaha na zawadi mikononi, hadi mlangoni mwa mtu anayeweza kusema sisi ni mali yake. Ndani ya nyumba hii wanaojua ni Mama na mimi tu. Nimewaficha shangazi zetu, na kila wanapoimba wakifunga mizigo, naona haya.

Sauti haijaita tena tangu Alhamisi. Wote wanashukuru, wanasema kisomo kimefanya kazi. Lakini namwangalia Mama. Akifika mlangoni husimama kando kwanza, akangoja kiasi cha mtu mmoja kupita, ndipo huingia. Kitini hakai tena, anakaa mkekani. Sahani yake huiacha mpaka chakula kipoe, halafu hula kidogo, upande mmoja tu. Jana nilimkuta ameshika kitana, mkono wake unapanda na kushuka hewani, polepole, kwa uangalifu mwingi, kama anayeogopa kumvuta mtu nywele. Uso wake ulikuwa umetulia. Sijawahi kumwona ametulia hivyo tangu nizaliwe.

Mimi nitakwenda naye. Siwezi kumwacha aingie mlango ule peke yake. Wewe sikuamulii, maana una watoto watano na jina ulilolijenga huko. Tunaondoka Jumamosi, na tutapita Andoany kukuchukueni kama tulivyopanga. Ukikubali, shuka pwani na watu wako na mizigo yenu, nasi tutaleta mashua. Usipokubali, tafadhali asije mtu yeyote ufukweni, hata wa kutupungia mkono. Mama amesema akiuona ufukwe mtupu atafahamu, na hatakulaumu.

Nisalimie wifi Mariyama, mwambie ile nguo aliyoniagiza nimeipata na nimeipakia. Wabusu watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Shangazi zetu na jamaa wote wanakusalimu. Nilipomwuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake, akasema niandike kwamba wanakusalimu. Nikamsahihisha: “Mama, ni wewe mmoja unayemsalimu.” Akarudia vile vile, akitazama mahali patupu kando yake mkekani: wanakusalimu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sitina binti Daudi