Swali la Ijumaa

Leòdhas, 10 Agosti 1987

Mdogo wangu Seonag,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Glasgow, na Ruairidh pia. Mimi moyo umechoka. Daktari haniahidi tena kuyaona majira ya baridi. Ndiyo maana naandika bila kuzunguka.

Unaikumbuka Ijumaa ya Swali, siku wanaume wanapojibu swali la Maandiko kabla ya Meza ya Bwana, mwaka 1949, ulipokuwa na mimba ya Ruairidh bila mume. Mzee Aonghas alisimama kanisani akatoa habari ya Hajiri na Sara katika waraka wa Paulo, akataka wanaume waeleze mtoto wa mjakazi anatambuliwaje. Nami nikajibu kwamba mjakazi hufukuzwa, yeye na mwanawe. Jumatatu ukapanda meli.

Wote waliamini Aonghas amepewa neno lile na Mungu papo hapo. Alipewa na mimi. Nilimwandikia kwenye karatasi Alhamisi, jikoni kwetu, wewe ukimenya viazi.

Kaka yako,
Torcuil

Glasgow, 17 Agosti

Kaka Torcuil,

Pole kwa moyo. Wangu unadunda sana, hasa tangu nisome barua yako.

Kwamba ulinionea haya, hilo nililimeza zamani. Lakini nilidhani Mungu mwenyewe ndiye aliyenitaja! Miaka thelathini na minane naketi viti vya nyuma, mkate unapitishwa mbele, mimi natazama viatu vyangu.

Msamaha wa kwenye bahasha siutaki. Ulinifukuza mbele ya watu, kaseme mbele ya watu. Na safari hii anzia juu, mwalimu. Ulirukia mwisho wa sura.

Mdogo wako,
Seonag

Leòdhas, 5 Septemba

Mdogo wangu Seonag,

Nipo kitandani, lakini nipo. Wewe hujambo?

Jana, Ijumaa ya Swali, watu wawili walinishika makwapa kanisani nikasimama, nikauliza swali mwenyewe: mtoto wa mjakazi anatambuliwaje? Nikaanzia juu. Paulo anasema kwa mfano: Hajiri ni Sinai, ni sheria. Wanawe ni wale wanaojivunia kushika amri huku wakihesabu makosa ya jirani. Mtoto wa Sara ni wa ahadi. Hakustahili kitu, alipewa tu, naye yu huru.

"Basi mwaka ule," nikasema, "mjakazi hakuwa dada yangu. Nilikuwa mimi, na suti yangu nyeusi." Nikaitaja na karatasi.

Domhnall mfuga kondoo akapaza sauti: "Mwalimu, dawa zimekupanda kichwani!"

"Zingepanda mapema, Domhnall, dada yangu angekuwa hapa."

Mlangoni mjane wa Aonghas alinishika mkono. "Alikufa na jambo hilo kooni," akasema.

Sijapata kufundisha somo zuri kuliko hilo, nasema kwa fahari. Ila fahari yangu kubwa ni wewe, uliyemlea Ruairidh peke yako hadi akawa muuguzi mkuu wa wodi.

Kaka yako,
Torcuil

Glasgow, 14 Septemba

Kaka yangu Torcuil,

Sisi wazima. Alhamisi napanda meli na Ruairidh, kwa hiyo ujikaze. Yeye ndiye atakayekuogesha, na anasugua kwelikweli.

Nilipoomba kushiriki Meza ya Bwana, wazee wa kanisa la hapa waliniuliza, "Bi Seonag, mbona sasa?" Nikawaambia nilisomewa vibaya na mtu wa kwetu, na amejisahihisha hadharani.

Jana nilikwenda Mezani. Shingo haikuinama. Mkate ukanifikia. Sikumega kile kipande kidogo cha kuomba radhi. Nilimega kama mwenye nyumba.

Mdogo wako,
Seonag