Mlango Uliogoma Pantoni

Baba,

Shikamoo. Najua leo hutaitikia, lakini sijazoea kukwambia jambo bila kukuamkia kwanza.

Nakuandikia nikiwa uwanjani kwetu pa kutengenezea magari, hapa Gerezani, nimekaa kwenye benchi lako chini ya bati. Joto linapasua kichwa na wauza spea wanapigiana kelele kama unavyowajua. Nimetoka kumjibu mteja vibaya sasa hivi, mpaka ameamua kwenda kunywa chai nipoe. Usinigombeze. Ameniletea gari ambalo hendibreki yake ni kitufe. Kitufe kidogo tu, kama cha kengele ya mlangoni. Kimegoma kuachia, magurudumu ya nyuma yamebana, gari limeletwa limebebwa. Nikamuuliza, likikugomea njiani unaliachiaje kwa mkono? Akaniangalia kama nimemuuliza habari za mwezini. Hajui, aliyemuuzia hakumwambia, na yeye hakuuliza. Hapo ndipo sauti yangu ilipopanda. Maskini, hakuwa na kosa. Hasira yangu ilikuwa ya siku ile.

Siku ile huijui, ingawa wewe ndiye uliyekuwa ndani ya gari. Nimekaa nayo kifuani mpaka leo, na nimechoka kukaa nayo.

Kwanza ya hapa. Uwanja upo, haujachukuliwa. Pikapu yako ipo, naiwasha kila asubuhi na inaitika. Mama anaendelea vizuri, ametoka eda, ameanza tena kubishana na muuza samaki. Magari yenye kabureta ni ya kutafuta kwa tochi siku hizi. Nimenunua mashine ya kupimia, ile uliyokuwa unaiita redio. Naichomeka kwenye gari inaniandikia ugonjwa. Mara nyingine inadanganya. Inasema kihisi cha mlango kimekufa, unafungua unakuta mende kajenga. Basi nafanya ulivyonifundisha: nachukua bisibisi ndefu, ncha naiweka kwenye injini, mpini naubana sikioni, nasikiliza. Wateja wananicheka. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba ulininyanyua kwa mkono mmoja ili nifike kwenye boneti. Ukaniambia, "Sikiliza, linakwambia lenyewe linapoumwa." Ba'mdogo Omari alikuwepo siku hiyo, akaguna kwamba binti na grisi wapi na wapi. Wewe ulinibandika ile bisibisi kwenye sikio la pili.

Na ulivichukia vioo vya umeme, Mungu anajua. Kila tulipovuka Magogoni kwenda kwa ndugu zako Kigamboni, kabla pantoni halijaondoka, ulizungusha kishikio ukashusha kioo mpaka chini, hata mvua ikinyesha. Mama akilalamika nguo zinalowa unamwambia, "Kulowa si kuzama." Kisha unashuka kutia jiwe nyuma ya gurudumu. Nilikuwa naona aibu. Watu wote wamekaa kwenye magari yao, baba yangu anazunguka na jiwe.

Sasa siku ile.

Uliondoka alfajiri, nyumbani kwako Kariakoo, kama ulivyotaka. Wakakuosha, wakakuvika sanda, sisi wanawake tukaitwa tukakuangalia uso. Ilikuwa haraka, Baba. Kila mmoja alipita na nyuma yake kuna anayesubiri. Mimi nilikuwa bado naangalia wakaniambia inatosha. Ukaswaliwa adhuhuri. Usia wako ulikuwa ulale Kigamboni karibu na bibi, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa, kwa hiyo ilikuwa ni kuvuka tu na kukufikisha jua halijazama.

Mimi nilisema uende na pikapu yako. Ina nafasi, vijana wangekaa pembeni ya jeneza wakilishika, kama wanavyopelekwa watu wote. Shemeji Karim, mume wa dada, akasema hapana. Macho yake yalikuwa mekundu, alikupenda kweli, hilo nalisema. Akasema, "Mzee hawezi kupigwa na jua kama gunia la vitunguu. Aende kwenye kiyoyozi." Gari lake jipya, lile la Japani, refu, linalonong'ona. Nikafungua mdomo. Ba'mdogo akaniwahi, "Zuhura, leo si siku ya wewe kuzungumzia magari. Kakae na wenzako." Nikameza. Wakalaza viti, wakakuingiza, Karim akabonyeza kitufe, mlango wa nyuma ukashuka wenyewe taratibu, ukajifunga. Watu waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kwa kupendezwa.

Mama aliingia eda siku hiyo hiyo, akabaki nyumbani. Mimi na shangazi zangu tulipanda basi dogo nyuma yenu, kwenda kupokea watu kwenye nyumba ya ukoo. Makaburini ni wanaume, tunajua.

Magogoni tulisubiri sana. Foleni haikusogea, kisha tulipoingia pantoni nalo likakaa. Sisi wa kwenye basi tulishuka tukasimama sehemu ya abiria. Gari lenu lilipangwa ubavuni, kando ya vyuma vya ukingo, na upande wa pili kulikuwa na lori la saruji limebanana nanyi. Karim alizima injini kama wanavyotaka, lakini akaacha kisomo cha Kurani kikiendelea kwenye skrini na feni inapuliza, ili usikae kimya. Alifanya kwa mapenzi. Nilikisikia kisomo kutoka nilipokuwa. Katikati ya maji kikakatika.

Tukafika ng'ambo. Mlango wa pantoni ukashuka, magari ya mbele yakatoka. Lenu halikutoka. Lori lilijaribu kupita likashindwa, maana pua ya gari lenu ilikuwa imelikingamia. Nyuma wakaanza kupiga honi. Nikamwona Karim anabonyeza kitufe cha kuwashia, anabonyeza tena, anafuta jasho. Wakataka kulisukuma. Halisukumiki. Gia ni ya umeme, haitoki bila betri, na hendibreki ni ya umeme, imebana. Stelingi imejifunga. Basi, wakasema, mzee ashushwe abebwe kwa mikono. Wakaenda nyuma. Mlango wa nyuma hauna kishikio, hauna tundu la ufunguo, hauna chochote. Laini kama sahani.

Baba, nilisikia damu inanipanda mpaka masikioni. Nikapenya kati ya watu. Nikamuuliza Karim betri iko wapi, niiazimie umeme kwenye gari jingine. Akasema hajui, labda mbele. Nikafungua boneti nikakuta plastiki tupu. Betri ya gari lile iko nyuma, chini ya sakafu. Ilikuwa chini yako wewe. Nikatafuta pale mbele wanapoachaga mahali pa kuchomeka waya, nikapaona. Waya sasa. Hakuna aliyekuwa nazo. Zetu zilikuwa nyuma ya kiti cha pikapu, Gerezani, ng'ambo ya maji. Kijana mmoja akakimbia nchi kavu kwenda kutafuta.

Karim akaniambia kwa sauti ndogo kwamba wiki nzima kulikuwa na maandishi mekundu yanatokea kwenye skrini, ya Kijapani. Anabonyeza, yanaondoka. Alidhani gari linamwamkia. Gari lilikuwa linamwambia betri inakufa, linamwambia kila siku kwa lugha ambayo hapa Bongo nzima sijui nani anaisoma. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, maana alikuwa amesimama mikono imening'inia kama mtoto aliyevunja chombo cha watu.

Honi zikazidi. Jua lilikuwa limeshaanza kulala upande. Akaja mfanyakazi mmoja wa pantoni na nondo mkononi, akasema, "Dada, tunavunja kioo. Watu wanataka kushuka." Na wengine wakaitikia, vunja, vunja. Mpaka Ba'mdogo akasema basi, kivunjwe, mayyiti hasubirishwi.

Kioo kile kilikuwa juu yako. Kingemwagika juu ya jeneza, juu ya ile nguo ya kijani, vipande vingeingia ndani mpaka kwenye sanda. Mtu umeoshwa, umetiwa marashi, halafu tukuzike na chupa. Nikasimama mbele ya ile nondo. Nikasema, "Havunji mtu hapa. Baba yangu yuko chini ya kioo hicho."

Ba'mdogo akanishika mkono. "Zuhura, rudi kwa wanawake."

"Ba'mdogo, kuna fundi mwingine hapa?"

Akaangalia huku na huku. Akaniachia mkono.

Niliingilia mlango wa mbele. Nafasi kati ya jeneza na ubavu wa gari ilikuwa ya kupita paka. Nikajivuta kwa viwiko, kanga imenizonga, mpaka nikafika mwisho. Ndani kulikuwa tanuri, hicho kiyoyozi chake ndicho hicho. Kulikuwa na harufu ya kafuri na marashi. Nikatoa bisibisi ndogo ninayotembea nayo kwenye pochi, nikaanza kubandua plastiki ya mlango. Kifuniko cha kwanza kilikuwa cha taa. Cha pili kilikuwa chenyewe: kitundu, na ndani yake kijiti cheupe cha kuvutia kwa mkono. Nikasema alhamdulillahi. Nikakivuta, kikakatikia mkononi. Plastiki, Baba. Mlango wa chuma, uzito wote ule, na mahali pekee ambapo roho ya mtu ingeshikilia wameweka plastiki.

Nje walikuwa wanagonga. "Vipi? Vipi humo?" Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nikalaza shavu juu ya jeneza kwa sababu shingo ilikuwa imechoka, si kwa sababu nyingine, halafu nikashindwa kulinyanyua. Asubuhi waliniambia inatosha. Sasa hapakuwa na mtu nyuma yangu anayesubiri zamu. Tulikuwa mimi na wewe, kama chini ya gari Gerezani, wewe umeshika taa na mimi natafuta nati kwa vidole. Nikakwambia nilichotaka kukwambia. Hicho sikiandiki, ulikuwepo.

Kisha nikafumba macho, nikaingiza bisibisi kwenye kile kitundu kupita mahali kijiti kilipokatikia, ndani zaidi, natafuta chuma. Kuna ulimi wa chuma kwenye kila kitasa, hata wafunike na nini. Nikaugusa, ukanikwepa. Nikaugusa tena, nikausukuma kwa kiganja mpaka mpini ukanichana. Ukalia. Mlango ukaachia, mwanga ukaingia wote kwa mara moja.

Nikanyanyua mlango kwa mgongo. Ba'mdogo ndiye aliyekuwa pale nyuma, peke yake, maana kichochoro kati ya gari na vyuma vya pantoni kilikuwa cha mtu mmoja tu. Lori la saruji upande huu, maji upande ule. Akashika miguuni akavuta. Mimi nikashika kichwani nikasukuma, nikashuka nalo. Na hapo tukagundua wote wawili kwa pamoja. Jeneza lilikuwa nje, limeshikwa na yeye mbele na mimi nyuma, na hakuna mwanamume aliyeweza kunifikia kunipokea. Angepitia wapi?

Nilimwona Ba'mdogo anageuza kichwa. Unamjua uso wake akikasirika. Nilisubiri aniambie weka chini. Wanaume walikuwa wamejipanga mbele wote wananitazama, kanga imechafuka, kichwa kimetoka mtandio, damu kiganjani. Honi zilikuwa zimenyamaza.

Akasema, "Tembea, mwanangu."

Nikatembea. Ulikuwa umekonda, Baba, ugonjwa ulikumaliza, lakini ulikuwa mzito. Nilipita kando ya gari lile lote, kishikio chake hiki, kioo chake hiki, mpaka mbele ambapo wanaume walikupokea mabegani. Wakakuchukua haraka, wakapandisha na wewe nchi kavu wakikuombea. Mimi nikabaki nimesimama na mikono mitupu. Ulizikwa kabla ya magharibi.

Baadaye zile waya zilipatikana. Gari likaamka, likapiga kimuziki chake cha kukaribisha abiria, taa zote zikacheka. Nililipiga teke. Dada alikasirika, tumeshapatana.

Siku ya arobaini yako mzee mmoja alilalamika mbele za watu kwamba ameona mwanamke amebeba jeneza na hiyo siyo desturi yetu. Ni kweli siyo. Nilikuwa jikoni na wenzangu, nikasimamisha upawa nikasikiliza. Ba'mdogo akasema, "Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Na aliyekuwa na haki nayo alikuwa pale." Siku hizi anapita uwanjani asubuhi, anaketi kidogo, ananiuliza kama nimekula.

Sitarudisha kabureta, Baba. Najua ungependa. Magari haya ndiyo yaliyopo na ndiyo yanayonilisha, na nitaendelea kuyalaani huku nayatengeneza. Lakini nakuahidi hili. Gari lolote litakaloingia hapa, liwe limekuja kubadilishwa oili tu, halitatoka kabla sijamkalisha mwenyewe ndani, mikono yake juu ya chuma, nimwonyeshe linafunguliwaje umeme ukiondoka. Atakayenuna anune. Atakayesema hana muda, nitamsimulia habari zako.

Mola akupanulie ulipo, akuingizie hewa na mwanga. Pumzika, Baba. Mwanao niko macho, na kwenye mikono yangu hakuna mtu atakayefungiwa ndani.

Zuhura wako