Jozi Moja Imezidi

3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, sijui wewe na hayo magoti yako. Dawa unameza, au bado unazificha chini ya godoro ukidhani sijui?

Huku baridi inakata masikio, lakini kazi yangu ya kufua mashuka ya hospitali inaendelea. Wiki iliyopita walinitoa kwenye mashine, wakaniambia kule chini, chumba cha maiti, yupo mwanamke Mwislamu hana wa kumzika. Alianguka kituo cha basi, hana karatasi wala simu, tasbihi tu mfukoni. Msikiti ukatuma watu, kumbe wote wanaume! Sasa nani amuoshe? Tukajikuta wanawake wanne hatujuani: mimi, muuguzi, mpishi wa shule, na fundi cherehani mmoja mkali tunayemwita Bi Foleni, maana anapanga watu mstari hata wakiwa wawili. Yeye ndiye aliyeijua kazi. Akatuapisha kwanza: mtakachokiona mwilini hapa kinabaki hapa, hata mama zenu msiwaambie. Mimi nikapewa kumwosha miguu. Nililia, Mama, na wala simjui.

Kaburi lake lina namba tu. Tulipotoka, Bi Foleni akasema hazikwi mwingine namna hii. Basi tumeanzisha chama cha wanawake. Tunakutana Jumamosi mchana chumbani kwake, juu ya duka la vitambaa.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Magoti ni yangu, niachie mwenyewe. Hicho chama chenu kimenifurahisha, ingawa wanne mtamwosha nani mkamwacha nani?

Nina neno. Dada yako mkubwa alikwenda nchi hiyo hiyo wewe ukiwa hujaanza kutambaa. Humu ndani hatukumtaja, na kosa ni langu. Siku anaondoka nilimwambia, ukivuka kizingiti hiki usirudi tena. Akanitii. Miaka ishirini na saba ananitii, mwanangu. Umri umenienda, sitaki kufa sijamwomba radhi. Wanawake wakikutana huzungumza. Niulizie.

Mama yako

11 Agosti

Mama,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimemuuliza kila mgeni anayeingia, hakuna anayemjua dada. Ila kuna mambo hapa, nikikuandikia utasema baridi imenipanda kichwani.

Chama kimekua mno. Tulikuwa wanne, leo tuko sitini na wawili. Tumehamia kwenye ukumbi wa ile shule anayopikia mwenzetu. Tuna darasa la kusoma, zamu za kutembelea wagonjwa, na kabati la sanda zilizokwisha kukatwa. Na hatujabandika tangazo hata moja! Kila mgeni tukimuuliza nani amekuleta, anajibu: mama mmoja kituo cha basi, ana koti la kahawia, anachechemea kidogo. Kaniambia, nenda kwa wale, hawaachi mtu. Mama, sisi hatuna mwanachama anayechechemea.

Halafu viatu. Tunavua mlangoni, na Bi Foleni lazima ahesabu, ndivyo alivyoumbwa. Kila Jumamosi inazidi jozi moja. Vyeusi, vya kamba, cha kushoto kimelika ubavuni. Vimegeuzwa, ncha zinaangalia nje. Tukishatoka wote, vinabaki. Tulivifungia kwenye kabati la sanda, Bi Foleni akaondoka na ufunguo. Jumamosi iliyofuata vilikuwa mlangoni tena, na vina tope. Muuguzi akacheka, eti mwenye viatu yumo ndani, tumkaribishe chai. Hakucheka mwingine.

Mwanao

2 Septemba

Mwanangu,

Salamu baadaye.

Dada yako ndiye aliyekuwa akivua viatu hivyo, ncha nje. Nilimgombeza tangu mdogo: wewe hata hujaingia umeshajiandaa kutoka! Na alichechemea. Akiwa na miaka minne alikanyaga makaa yangu, mguu wa kushoto, vidole viwili vya mwisho vikapona vimeshikana.

Yule mliyemwosha. Wewe ndiye uliyekuwa miguuni. Vidole vilikuwaje? Niambie hilo tu, nijue namwomba radhi aliye hai au aliyekufa.

Mama yako

24 Novemba

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Barua yako natembea nayo mkobani tangu ifike. Nimeanza kujibu mara saba, nikachana mara saba.

Nilikula kiapo. Nilimwendea Bi Foleni, nikamwambia mama yangu anataka nimwambie nilichokiona. Nilidhani atanifokea. Akanishika mikono akasema, siwezi kukufungulia kiapo, mwanangu, siri ile si yangu wala si yako. Kwa hiyo siwezi, Mama. Usiniulize tena, nakuomba, maana ukiuliza tena nitashindwa.

Nilichofanya baadaye ninaweza kukuambia. Jumamosi iliyopita nilikwenda makaburini na wenzangu wa chama, pale penye namba. Nikaisoma barua yako ya Machi kwa sauti, ile ya kizingiti, yote. Kisha nikasema: Mama anakuomba radhi, anakuita nyumbani. Wenzangu nyuma wakaitikia amina.

Tulirudi ukumbini. Wanawake sitini na watano, viatu jozi sitini na tano. Bi Foleni alihesabu mara tatu, kisha akakaa chini palepale mlangoni, akalia.

Niandikie jina kamili la dada, kwa herufi kubwa. Fundi wa kuchonga mawe anasubiri. Sisemi zaidi.

Mwanao mdogo

19 Desemba

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Sikuulizi tena. Jina nimeliandika kwenye karatasi yake peke yake, limo humo kwenye bahasha. Mwambie huyo fundi akikosea herufi hata moja nitakuja mwenyewe na magoti yangu haya.

Ila nikueleze la leo asubuhi. Nimefungua mlango nifagie uwanja. Mvua hatujaiona mwezi mzima, vumbi tupu. Pale kizingitini nimekuta viatu vyeusi vya kamba, cha kushoto kimelika ubavuni, vina tope bichi. Nimemwita jirani aje aangalie, nisije nikasema uongo wa uzee. Kaviona. Kaniuliza, una mgeni?

Safari hii ncha zinaangalia ndani.

Nimevifuta, nimeviweka karibu na vyangu. Kisha nimeteleka chai ya watu wawili.

Mama yenu