Vipimo Vitatu vya Asubuhi

Kamalondo, Lubumbashi
Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 2025

Mpendwa Yaya Simone,

Mdogo wako Laurentine anakusalimu. Huko Kongolo mmeamkaje? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukipiga magoti kanisani? Na shemeji Paulin, shamba lake la mihogo limempa kitu mwaka huu? Sisi huku baridi imeanza. Asubuhi nashona nikiwa nimejifunga vikwembe viwili.

Nimeandika "sisi", kumbe niko peke yangu. Tangu mume wangu Alexis afariki na binti yetu Nono aolewe Mokambo, redio ndiyo inayosema na mimi humu ndani.

Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu nashindwa. Unaniuliza, "Uko muzuri?" Najibu, "Niko muzuri." Halafu mtandao unakatika, na mimi nafurahi umekatika. Clément, mtoto wa katekista wenu, yuko hapa mjini na anarudi huko wiki hii. Nitampa aibebe mwenyewe.

Yaya, nina ugonjwa wa sukari. Walinikuta nao mwaka jana, kabla ya mvua kuanza. Sasa kila asubuhi najidunga sindano ya insulini kabla ya kula. Sindano yenyewe nimeizoea. Kula ndiko kulikonishinda.

Kwenye kituo cha afya kuna muuguzi anaitwa Sephora. Alipanga juu ya meza mkate, ndizi, kiazi kitamu na kikombe, akanieleza kwamba wanga wa chakula ndio unaogeuka sukari ndani ya damu. Kwangu mimi asubuhi ni vipimo vitatu vya wanga, visizidi wala visipungue, kwa sababu sindano yangu imepangwa kufuatana navyo. Mkate mrefu, kipande cha upana wa vidole vinne ni kipimo kimoja. Nikamuuliza, vidole vya nani, maana vyake ni vyembamba na vyangu unavijua. Akacheka, akasema vyake. Nusu ya ndizi ni kipimo kimoja. Uji mzito, nusu kikombe tu, tayari ni kimoja. Hata sukari ya chai inahesabiwa: vijiko vidogo vitatu vinakula kipimo kizima. Yai haliingii katika hesabu, na avoka na karanga haviongezi sana, mradi nisimalize sahani.

Haya yote niliyashika. Sikujua tu kwamba yatanitoa katikati ya watu.

Unamkumbuka Marceline, yule anayekaanga bitumbula, vimandazi vyake vya mviringo, kwenye kona, mbele ya kibanda changu cha kushonea? Ulipokuja kumzika Alexis alikupa vya moto, vimefungwa kwenye karatasi, ukala ukilia. Miaka yote, kabla ya kufungua kazi, sisi wamama wa hii barabara tulikuwa tunakaa kwenye benchi lake, chai na bitumbula, na maneno yetu. Harusi ya Nono niliitangazia pale.

Nilimuuliza Sephora juu ya bitumbula. Alisema ni vigumu kujua, kila mmoja anakaanga kwa ukubwa wake na sukari yake, lakini viwili tu vinaweza kumaliza vipimo vyangu vyote. Na nani amewahi kula viwili tu? Basi nikaanza kukataa. Leo nimeshiba. Kesho tumbo linanisumbua. Nilikaa pale na kikombe kitupu, mwishoni sikukaa tena. Ukweli sikuusema. Niliogopa wateja watasema huyu atakufa na vitambaa vyetu nyumbani mwake.

Yaya, unajua kwetu ni namna gani. Ukikataa chakula cha mkono wa mtu bila kutoa sababu, watu wanakutafutia sababu. Asubuhi moja nilipita nikasalimia, hakuna aliyejibu. Marceline aligeuza uso kwenye mafuta yake. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenifungua macho: "Mama Nono, banasema weye unasema Marceline iko mulozi." Sikuwa nimemwita mtu mchawi. Nilirudi ndani, nikafunga mlango wa upande wa barabara.

Tangu hapo nilikula humo. Nakata mkate, napima kwa vidole, nachemsha yai, nakaa. Nje nasikia wanacheka. Nilikuwa natafuna polepole ili kicheko chao kiishe kabla sijamaliza, nisifungue mlango wakiwa bado pale.

Mwezi wa tano, asubuhi, nilikuwa nimetoka kujidunga wakati mama mmoja alipoingia na kitambaa cha harusi ya binti yake. Nikampima, tukabishana juu ya mikono ya nguo, akaenda, nami nikakaa kwenye cherehani bila kukumbuka kwamba sijala. Baadaye mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka na baridi ile. Nikatazama tundu la sindano, nikaona mawili. Sephora alikuwa amenionya: ikinikuta hivyo, nitie sukari kinywani haraka. Lakini sukari nilikuwa nimeiondoa nyumbani mimi mwenyewe, isinitamanishe. Nikafungua mlango. Kwenye kona alikuwa Marceline peke yake.

"Marceline, nipe chai," nikamwambia. "Tia sukari mingi."

Hakuinua kichwa. "Leo chai yangu haina tena na sumu?"

Nilishika meza yake. "Niko na bugonjwa ya sukari. Nimejidunga, sikukula. Niko naanguka."

Hapo akanitazama. Alitia sukari, akakoroga, na alipoona kikombe kinamwagika mikononi mwangu akakishika mwenyewe, akaninywesha kama mtoto. Polepole mtetemeko ukatulia.

"Tangu wakati gani?" akauliza.

"Tangu mwaka jana."

"Na miye naitwa mulozi mu hii avenue, juu ya weye kunyamaza."

"Ndiyo. Unisamehe."

"Maliza chai," akasema.

Hilo ndilo jibu nililopata. Nilimaliza, nikarudi ndani, nikala vipimo vyangu.

Aliwaeleza wenzake. Siku hizi wananisalimia, wananiita kwenye benchi. Nabeba mkate wangu na yai langu kwenye kitambaa, nakula kando yao. Lakini, Yaya, sahani ikifika kwangu inaniruka. Kuna anayeifunika, kana kwamba nitaiba. Mazungumzo ya waume na ya sokoni yanapungua nikikaa, wananiuliza kwa sauti ya chini kama miguu yangu bado inasikia ikiguswa. Marceline anakaa karibu yangu, lakini hanitanii tena. Zamani alikuwa anaitukana mishono yangu kila siku. Ningependa aitukane tena. Sijui kama itatokea.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Clément ameniambia kwamba misa haiishi bila wewe kutoka kunywa maji, na kwamba umekonda, kikwembe kinakuzunguka mara mbili. Alinieleza kama habari ya kawaida. Mimi nilimkumbuka Mama mwaka wake wa mwisho, namna alivyokuwa akilala na mtungi kando ya kitanda. Hakuna aliyempima. Yaya, nenda kituo cha afya, asubuhi, kabla ya kutia kitu kinywani, wakupime damu. Usimsubiri Paulin amalize kuvuna. Wakikukuta nao, waambie siku hiyo hiyo wale unaokula nao.

Nitakuambia pia neno baya. Tangu Clément aniambie, kuna asubuhi nimekaa na mkate wangu nikatamani kweli uwe nao, ili tuwe wawili wa kuhesabu. Leo nimekwenda kumwomba Mungu anisamehe. Wasikukute na kitu, Yaya. Nitahesabu peke yangu.

Mnisalimie shemeji Paulin, na David, na Lydie pamoja na kichanga chake ambacho sijakibeba. Bwana alinde nyumba yenu na kila mnachokula ndani yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Laurentine