Dufu Lako Nalipasha Moto Bado

Annaba, Jumapili

Mdogo wangu Nejma,

Salamu zikufikie huko Marseille. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Shangazi Wardiya amepaka sebule rangi ya kijani kibichi, na hakuna anayethubutu kumwambia ilivyo mbaya.

Alhamisi niliimba harusini, upande wa wanawake. Nilikuwa peke yangu, lakini nilipasha madufu yote mawili kwenye makaa, na lako pia. Nilipofika mahali pako pa kuitikia, nilinyamaza kwa mazoea. Bibi mmoja akasema, "Endelea tu, mwanangu. Yule mdogo wako aliyetuanika mtandaoni vichwa wazi, afadhali kaenda zake."

Nikaendelea.

Nejma, siku ile ya harusi uliniachia simu yako ukaenda kubadili nguo. Ukumbi mzima ulikuwa unacheza. Nikasema moyoni, watu wakituona hivi, tutaitwa mpaka Algiers. Nikapiga video, nikairusha kwenye ukurasa wetu. Sikutazama nyuso za wale wanawake, nilitutazama sisi tu. Walipokuja mlangoni kwetu kwa hasira, walikulaumu wewe, maana simu ilikuwa yako. Ukanigeukia, ukangoja niseme. Nikasema, "Bado mtoto huyu, msameheni."

Ijumaa nimealikwa tena. Nitawaambia ni mimi, kabla ya wimbo wa kwanza. Barua mbili zenye maneno haya haya nilizichana. Hii nampa Shangazi aiposti sasa hivi, akiwa bado na viatu miguuni.

Dada yako aliyenyamaza,
Zulikha